Mjane Akipenda Tena: Historia Iliyomo Ndani ya Filamu za Kihindi

Mwaka 1956, huko Bombay, ilitoka filamu ya picha nyeusi na nyeupe inayoitwa Ek Hi Raasta, maana yake Njia Moja Tu. Habari yake ni fupi. Kuna mwanamke anaitwa Malti, ana mume anayempenda na mtoto mdogo wa kiume. Mume anauawa. Tajiri aliyekuwa amemwajiri marehemu anaanza kupita pale nyumbani kuwaangalia, analeta hiki na kile, anacheza na mtoto. Majirani wanaanza kusema. Maneno yanazidi mpaka hakuna pa kupita, na mwisho yule tajiri anamuoa Malti. Ukihadithiwa hivyo unaweza kuuliza, sasa hapo kuna nini? Watu si wanaoana kila siku? Lakini kwa India ya wakati ule kuionyesha ndoa hiyo kwenye sinema ilikuwa kama kurusha jiwe kwenye mzinga wa nyuki, na aliyelirusha alikuwa mtu aliyekimbia kwao.

Mimi nafanya kazi na vijana hapa Nyarugusu, na kila wiki tunaonyesha filamu kituoni, sola ikiruhusu. Vijana wakiomba ya Kihindi, wageni wanaokuja na mashirika hucheka kidogo: kuimba, kucheza, kulia kwenye mvua. Sawa, mvua ipo, siikatai. Ila nimekaa na filamu hizi muda mrefu, nyingine kibandani zikitafsiriwa kwa sauti, nyingine kwenye simu usiku nikisoma maandishi ya Kiingereza polepole, nikaona kwamba chini ya zile nyimbo kuna mabishano ya zaidi ya miaka 100. Yanahusu jambo ambalo kambini tunalo kila siku: aliyefiwa anaruhusiwa kupenda tena, na ruhusa hiyo anaitoa nani?

Aliyetengeneza Ek Hi Raasta anaitwa Baldev Raj Chopra, lakini watu wanamjua kwa B. R. Chopra. Alizaliwa mwaka 1914 upande wa Punjab, akawa mwandishi wa habari za sinema katika mji wa Lahore. Mwaka 1947 Waingereza walipoondoka na nchi kugawanywa vipande viwili, Lahore ikaangukia Pakistan. Inakadiriwa kwamba watu kati ya milioni 12 na milioni 15 walivuka mpaka mpya, Waislamu wakielekea huku, Wahindu na Masingasinga wakielekea kule, na waliokufa njiani na vijijini wengi hutaja milioni 1. Chopra alitoka Lahore, akapitia Delhi, akaishia Bombay. Huko akaanza kutengeneza filamu kwa ajili ya wengine, na alipofungua kampuni yake mwenyewe, B. R. Films, filamu ya kwanza kabisa ya kampuni ikawa hiyo ya Malti. Hebu fikiria. Mtu ameanza upya kutoka sifuri, pesa sasa ni yake, ikianguka anaanguka nayo, na hadithi anayoichagua ni ya mjane anayeolewa. Mimi siamini kama ilikuwa bahati tu. Baada ya 1947 India ilijaa wajane. Serikali ilifungua nyumba za wanawake waliobaki peke yao, wakafundishwa kushona na kufuma, na swali la maisha yao ya mbele lilikuwa mbele ya macho ya kila mtu.

Wakimbizi wale nao walikaa kambini. Kambi kubwa kuliko zote ilikuwa Kurukshetra, kaskazini mwa Delhi. Ilipangwa kwa watu 100,000, lakini kufikia Desemba 1947 walikuwa karibu 300,000. Aliyeona kambi ikipokea watu hahitaji kuelezwa zaidi. Na huko Kurukshetra walionyeshwa filamu! Mfanyakazi mmoja wa huduma za jamii alizileta kutoka Delhi pamoja na mashine za kuonyeshea, wakatundika vitambaa vikubwa mahali pa wazi ili watu watazame kutoka mbele na kutoka nyuma, na onyesho moja liliweza kuwa na watazamaji 15,000. Walitazama katuni za Mickey Mouse na Donald Duck. Aliyekaa upande wa nyuma aliona maandishi yamegeuka, lakini bata ni bata tu ukimtazama upande wowote. Kwa hiyo ninyi mnaotuuliza kwenye vikao kama sinema ni hitaji la lazima kwa mkimbizi, swali hilo lilishapata jibu kabla babu yangu hajaoa.

Turudi kwa mjane. Kuelewa kwa nini ndoa ya Malti ilikuwa jambo zito, lazima tuende nyuma zaidi.

Katika familia za Kihindu za tabaka za juu, mwanamke akifiwa na mume alihesabiwa kama amekufa nusu. Alivunja bangili zake, akafuta ile rangi nyekundu ambayo mke hupaka kwenye mstari wa nywele, akavaa nyeupe mpaka mwisho wa maisha. Sehemu nyingine alinyolewa kichwa. Alikula mara moja kwa siku, chakula kisicho na ladha, na kwenye harusi hakutakiwa aonekane kwa sababu alidhaniwa ana mkosi. Na kwa kuwa wasichana waliozwa wakiwa watoto, kulikuwa na wajane wa miaka minane, tisa, kumi, ambao hata sura ya mume hawakuikumbuka. Wengine walichomwa pamoja na maiti ya mume. Desturi hiyo, inayoitwa sati, ilipigwa marufuku na serikali ya Waingereza mwaka 1829 baada ya kampeni ambayo mtu wake mashuhuri alikuwa Ram Mohan Roy wa Bengal. Lakini kumzuia mtu asichomwe si sawa na kumpa maisha. Mjane aliokolewa na moto, kisha akaachwa kwenye kona ya nyumba.

Hapo ndipo anaingia mwalimu mmoja wa Calcutta, Ishwar Chandra Vidyasagar, aliyezaliwa 1820. Huyu bwana nampenda kwa sababu hakuwaambia watu kwamba mila yao ni ya kishenzi. Alijua kwamba ukimwambia mzee hivyo anafunga masikio, umemaliza kazi. Alikwenda kuyachimbua maandiko ya zamani ya Wahindu wenyewe, usiku na mchana, mpaka akapata mahali katika kitabu cha sheria kinachohusishwa na mzee wa hekima Parashara, panaposema kwamba mwanamke anaweza kupata mume mwingine katika hali tano za taabu. Mume akiwa amefariki ni mojawapo. Nyingine nitazitaja mbele, kwa sababu ya kwanza katika orodha hiyo ndiyo iliyonifanya nisimame na kusoma mara mbili.

Mwaka 1855 Vidyasagar na wenzake walipeleka ombi serikalini lenye sahihi zisizofika 1,000. Wapinzani wakajibu kwa ombi lenye sahihi zaidi ya 30,000. Kwa hesabu ya kura alishindwa vibaya sana. Hata hivyo sheria ikapita mwaka 1856, na Desemba ya mwaka huohuo ndoa ya kwanza ikafungwa Calcutta, bibi harusi akiwa mjane ambaye bado alikuwa mtoto. Gharama alizibeba Vidyasagar, na ndoa nyingine nyingi baadaye alizilipia yeye mpaka akaingia kwenye madeni. Mwanawe wa kiume naye alioa mjane, mwaka 1870. Wazee wanaohubiri mageuzi kwa watoto wa wengine wangejifunza hapo.

Ila sheria ile ilikuwa na mwiba ndani. Mjane aliyeolewa tena alipoteza haki yake katika mali ya marehemu mume wake. Yaani uhuru umepewa, lakini uutumie ukiwa mikono mitupu. Mama mwenye watoto watatu na kipande cha shamba la marehemu angefanya nini? Angebaki na shamba na nguo nyeupe. Kwa hiyo miaka ikapita, sheria ipo kwenye kitabu, na ndoa za wajane katika tabaka hizo zikabaki za kuhesabika.

Sasa chukua 1856, ongeza miaka 100, unapata 1956, mwaka ambao Malti aliolewa mbele ya watazamaji. Kitu ninachokisifu kwenye filamu ile ni kwamba haimharakishi mtu. Sehemu ya kwanza yote ni furaha ya Malti na mume wa kwanza, anayechezwa na Sunil Dutt, na sisi watazamaji tunampenda yule mume kabisa. Meena Kumari ndiye Malti, na Ashok Kumar ndiye mume wa pili. Baada ya ndoa hiyo adui mkubwa anakuwa ndani ya nyumba: mtoto. Mtoto hataki baba mwingine, basi. Hataki zawadi, hataki kubebwa. Anachezwa na Daisy Irani, ambaye kwa kweli alikuwa msichana anayevalishwa kama mvulana, na analia kama mtoto anayelia kweli. Nimeona watoto wa namna hiyo hapa. Mtu mzima anajadili sheria na mila na Mungu, na mtoto yeye anauliza tu kwa nini huyu mtu amekaa kwenye kiti cha baba.

Na yale maneno ya majirani! Hapo filamu ingeweza kuwa imepigwa kijijini kwetu kwenye zoni. Mwanaume akimletea mjane mzigo wa kuni mara mbili, mara ya tatu kuna kikao.

Lazima niseme kwamba India si moja. Katika jamii nyingi za wakulima, hasa Punjab na maeneo ya jirani, mjane aliolewa tena tangu zamani, ila hakuchagua. Alipewa kaka au mdogo wa marehemu, na alama ya ndoa hiyo ilikuwa kumfunika kwa shuka. Sababu yake inaeleweka kwa mkulima yeyote: shamba lisitoke, watoto wasitoke, na mikono ya kulima isitoke. Sisi ambao wazazi wetu wanatoka Fizi na Uvira hatuhitaji tafsiri hapo. Kurithi mjane tunakujua.

Mwandishi wa Kiurdu Rajinder Singh Bedi, ambaye naye aliishi Lahore hadi nchi ilipogawanywa, aliandika riwaya kuhusu jambo hilo mwaka 1962. Inaitwa Ek Chadar Maili Si. Mwanamke aliyefiwa analazimishwa kuolewa na shemeji yake mdogo, kijana aliyemlea yeye mwenyewe kama mtoto wake. Pakistan waliitengenezea filamu mwaka 1978, India wakatengeneza yao mwaka 1986. Nchi mbili zilizopigana vita mara tatu, zikakaa na mjane yuleyule. Halafu kuna Silsila ya mwaka 1981, ya Yash Chopra, ambaye ni mdogo wake B. R. Chopra na mzaliwa wa Lahore. Humo Amitabh Bachchan anamwacha mpenzi wake ili amuoe mchumba wa kaka yake aliyekufa vitani akimwacha na mimba. Watu huikumbuka Silsila kwa maua na nyimbo, lakini mzizi wake ni kurithi mjane, umevalishwa suti. Na filamu yenyewe inakubali, ukiitazama vizuri, kwamba ndoa iliyofungwa kwa ajili ya heshima ya marehemu inawatesa watu wanne.

Iliyozua mabishano makubwa kituoni kwetu ni Prem Rog ya mwaka 1982. Mwongozaji ni Raj Kapoor, yuleyule wa Awaara ya mwaka 1951, ambayo wazee waliokulia miji ya pwani, Zanzibar na Dar es Salaam, wakiisikia jina tu macho yanang'aa. Hadithi ya Prem Rog iliandikwa na mwanamke, Kamna Chandra. Manorama ni binti wa ukoo wa matajiri wenye ardhi. Kijana maskini Devdhar anampenda na hajapata nafasi ya kusema. Binti anaozwa kwenye ukoo mwingine mkubwa, na siku chache baada ya harusi mume anakufa kwa ajali. Kinachofuata ni kile nilichoeleza juu, nyeupe, sakafu, chakula bila ladha. Kisha huko ukweni, mahali alipopelekwa eti atunzwe, kaka mkubwa wa marehemu anamuingilia kwa nguvu. Anarudi kwao na siri hiyo kifuani, na familia yake inajali zaidi jina la ukoo kuliko yeye. Devdhar anaporudi na kusema wazi kwamba anamtaka, koo zote mbili zinainuka, na mwisho unafika kwa fujo na bunduki. Padmini Kolhapure aliyecheza Manorama alikuwa hajafikisha miaka 17 filamu ilipotoka, na alipata tuzo ya Filmfare ya mwigizaji bora wa kike.

Kabla ya hapo, mwaka 1975, filamu maarufu kuliko zote, Sholay, haikuthubutu kufika huko. Mwongozaji wake Ramesh Sippy alizaliwa Karachi mwaka 1947, miezi michache kabla ya mgawanyiko. Ndani yake kuna mjane kijana, Radha, anayewasha taa za baraza kila jioni bila kusema neno, na Jai amekaa mbali anapuliza kinanda cha mdomo. Baba mkwe anafika hadi kwa baba wa Radha kuomba aruhusiwe kuolewa tena. Ruhusa inapatikana. Halafu Jai anauawa, na Radha anafunga dirisha. Watu wanalia kwa kifo cha Jai. Mimi namlilia Radha, ambaye ndani ya filamu moja amekuwa mjane mara mbili na ndoa moja.

Sasa linganisha na mwanaume. Mwaka 1998 Karan Johar, akiwa na miaka 26 tu, alitoa Kuch Kuch Hota Hai. Nadhani hakuna kibanda Afrika Mashariki ambacho hakijaionyesha. Rahul, anayechezwa na Shah Rukh Khan, amefiwa na mke, Tina. Tina kabla ya kufa amemwandikia binti yao barua nane, moja kwa kila siku ya kuzaliwa, na barua ya nane inamwambia mtoto habari za Anjali, rafiki wa zamani aliyempenda Rahul akaondoka kimya. Mtoto anaanza kazi ya kuwakutanisha. Bibi anasaidia. Hata mchumba wa Anjali, Salman Khan, siku ya harusi yenyewe anamwachia Rahul bibi harusi. Hakuna bunduki, hakuna kikao cha ukoo, hakuna aliyemuuliza Rahul kuhusu mali ya marehemu. Kikwazo chake pekee ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa akisema mtu hupenda mara moja tu. (Wanakutana kwenye kambi ya watoto huko Shimla. Mtafsiri wetu aliposema "kambi", mtoto mmoja wa mbele akauliza mbona hakuna foleni ya mgao.)

Nikiziweka filamu hizi mbili pamoja naona historia yote. Mwanaume aliyefiwa anahitaji barua. Mwanamke aliyefiwa anahitaji vita. Hata lugha yetu inajua. Kiswahili kina neno mgane, mwanaume aliyefiwa na mke, lakini nenda sokoni uulize vijana kumi mgane ni nani. Neno mjane wote wanalijua. Mgane amesahaulika kwa sababu hakai katika hali hiyo muda wa kutosha kuitwa jina. Na sheria ya familia ya kwetu Kongo iliyoandikwa mwaka 1987 ilimwekea mwanamke siku 300 za kungoja kabla ya kuolewa tena. Sababu inayotolewa ni mimba, ijulikane mtoto ni wa nani. Mwanaume hakuwekewa hata wiki moja.

Siku tulipoonyesha Prem Rog, vijana wa kiume walikuwa wakali sana kwa wale wakwe. Wahindi ni wakatili, wakasema. Mama mmoja aliyekuwa amekuja kumchukua mtoto wake akasimama mlangoni, akauliza, "Na hapa je?" Nyumba ikanyamaza. Huyo mama amefiwa, ana watoto wanne. Kuna fundi mwashi anayemtaka kwa heshima, ameshaonana na mchungaji. Ndugu wa marehemu wamemwambia njia ni mbili: akae na shemeji, au aende kwa fundi wake na watoto wabaki. Na watoto wakibaki, majina yao yanakaa kwenye kadi ya nani? Niliona pale kwamba mwiba wa mwaka 1856 haukubaki Calcutta. Huku kwetu hakuna shamba la kumnyang'anya, kuna kadi ya mgao na watoto, na vinatosha.

Kijana mmoja akamjibu kwa adabu, "Mama, lakini sisi tunalinda jina la kaka yetu." Nilimwelewa. Katika ukimbizi marehemu ameacha nini zaidi ya jina na watoto? Nyumba ilichomwa, ng'ombe walichukuliwa, kaburi liko msituni au liko hapa kambini, mahali ambapo siku moja tutapaacha. Ukoo ukimkamata mjane kwa nguvu, mara nyingine si ukatili, ni hofu kwamba hata hicho kidogo kitapotea. Nalisema hili kwa wafanyakazi wa mashirika hasa, maana kwenye semina zenu ndugu wa mume huwa ni mtu mbaya tangu ukurasa wa kwanza. Vidyasagar alizungumza na watu kutoka ndani ya vitabu vyao. Ukija na bango tu, wanalitazama wanaenda zao.

Lakini kuna mahali filamu za Kihindi hazijatufikia bado, angalau hizi nilizotaja. Humo ndani mume huwa amekufa kweli. Tunaona ajali, tunaona moto wa mazishi, tunaletewa habari. Hapa tuna wanawake, na wanaume pia, ambao mwenzao alionekana mara ya mwisho kwenye njia ya ziwani na basi. Hakuna maiti, hakuna matanga. Mtu anaweka nywele za msiba au hawezi? Na akipenda mtu mwingine, ni mjane aliyeolewa au ni mke aliyezini?

Ndiyo maana nilisimama kwenye ile orodha ya Parashara. Hali tano ni hizi: mume akipotea, akifa, akiiacha dunia na kuwa mtawa, akiwa hana nguvu za kiume, au akitengwa na jamii yake. Cha kwanza ni kupotea. Kabla ya kifo! Mtu wa kale sana aliyeandika maneno yale aliishi katika dunia ambayo watu waliondoka na hawakurudi, na akaona hilo ni taabu ya kutajwa mwanzo. Sheria ya 1856 ikachukua kifo peke yake. Ilibidi ifike sheria ya ndoa ya Wahindu ya mwaka 1955, miaka minane baada ya mgawanyiko, ndipo mtu ambaye mwenzake hajasikika kuwa hai kwa miaka 7 aweze kuomba ndoa ivunjwe. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, ambayo ndiyo sheria ya ardhi tunayokanyaga, inaweka miaka 5: asiyesikika kwa muda huo na watu ambao wangetegemewa kumsikia, mahakama inaweza kumchukulia kuwa amefariki, mpaka ithibitishwe vingine. Wapo hapa wanaongoja tangu 1996.

Familia ya Chopra haikuliacha jambo lake. Mwaka 2006, miaka 50 baada ya Ek Hi Raasta, kampuni ileile ya B. R. Films ilitoa Baabul, mwongozaji akiwa Ravi Chopra, mtoto wa B. R. Chopra, na mzee mwenyewe alikuwa bado hai. Amitabh Bachchan ni baba aliyefiwa na mwanawe, na ni yeye, baba mkwe, anayemtafutia mkwe wake mume. Mjane anachezwa na Rani Mukerji, ambaye kwenye Kuch Kuch Hota Hai alikuwa ndiye mke aliyekufa. Kaka mkubwa wa ukoo anapinga kwa jina la mila. Kama filamu, nisiwadanganye, ni ndefu na ina machozi ya kuzidi kipimo, na Ek Hi Raasta inaishinda kwa mbali. Lakini imepindua jambo moja: anayebishana na ukoo ni mzee wa ukoo huohuo. Wala msidhani kwamba kufikia hapo India ilikuwa imetulia. Mwaka 2000 Deepa Mehta alipoanza kupiga filamu ya Water, kuhusu wajane wa miaka ya 1930, watu wenye hasira walivunja majengo aliyoyaandaa Varanasi, ikabidi baadaye aitengenezee Sri Lanka.

Baabul ndiyo tuliyoionyesha wiki iliyofuata, na safari hii niliwaalika wazee wawili wa ukoo wa yule marehemu. Alikuja mmoja. Alitazama mpaka mwisho, akasema wimbo ni mwingi, akauliza yule mzee mrefu ni nani. Kuhusu mkwe wao hakusema kitu. Siku mbili baadaye nilisikia ameonekana anaongea na yule fundi mwashi karibu na bomba la maji, wamesimama muda.

Kifungu cha 68 cha ile Sheria ya Ndoa kinasema kwamba mwanamke aliyefiwa na mume, mila iseme isemavyo, yuko huru kuishi atakapo, na kubaki bila mume au kuolewa tena na mwanaume amtakaye. Nimekiandika kwa mkono, kwa herufi kubwa, nikakibandika kwenye ubao wa kituo chini ya ratiba ya mpira. Kilichanwa ndani ya wiki. Nimekibandika tena, na sasa kuna mtu amepiga mstari kwa kalamu nyekundu chini ya neno "amtakaye".